Sonata za Scarlatti na Santuri Zake, 1934–1985

Wanachuoni wa lugha waijua vema taabu ya kuthibitisha maneno ya utungo ambao mwandiko wa mtungaji wake umepotea. Hubaki nakala za waandishi wengine, na kila nakala ina tarehe yake, mkono wake na makosa yake. Muziki wa Ulaya una mfano mkubwa wa taabu hiyo katika sonata za Domenico Scarlatti. Kwa hesabu iliyotolewa mwaka wa 1953 sonata hizo ni 555, na karibu zote hazina mwandiko wa mtungaji mwenyewe. Lakini mfano huu una sehemu ya pili ambayo haijaangaliwa sana. Katika karne ya 20 sonata hizi zilienea duniani kwa njia ya santuri, na santuri nayo ni nakala. Ina mwandishi wake, yaani mpigaji. Ina karatasi yake, yaani sahani. Na ina kipimo chake cha nafasi, ambacho humlazimisha mwandishi kukata hapa na kuongeza pale. Asiyejua santuri fulani ilivyotengenezwa aweza kudhani kuwa ni tabia ya mtungaji jambo ambalo, kwa kweli, ni tabia ya sahani.

Mtungaji na malkia wake

Scarlatti alizaliwa mjini Naples tarehe 26 Oktoba 1685, mwaka ule ule waliozaliwa Bach na Handel. Baba yake, Alessandro Scarlatti, alikuwa mtungaji mashuhuri wa opera, na kwa miaka mingi mwana aliifuata njia ya baba. Alifanya kazi mjini Roma kwa Maria Casimira, malkia mjane wa Polandi, kisha akawa msimamizi wa waimbaji wa Cappella Giulia huko Vatikani. Mwaka wa 1719 aliiacha kazi hiyo, akaingia katika utumishi wa Mfalme João wa V wa Ureno mjini Lisbon. Miongoni mwa kazi zake huko ilikuwa kumfundisha muziki binti wa mfalme, Maria Bárbara.

Kazi hii ndiyo iliyoyageuza maisha yake. Mwaka wa 1729 Maria Bárbara aliolewa na Fernando, mrithi wa kiti cha Hispania, na mwalimu akamfuata mwanafunzi wake, kwanza Sevilla, kisha Madrid tangu mwaka wa 1733. Alibaki katika utumishi wake mpaka alipofariki tarehe 23 Julai 1757. Mwaka wa 1738 zilichapishwa London sonata 30, zikatabarukiwa Mfalme João. Sonata nyingi zilizosalia hazikupelekwa kwa mchapaji wakati huo. Zilinakiliwa kwa mkono katika vitabu vya malkia, vingi vikiandikwa kati ya 1752 na 1757.

Malkia alifariki mwaka wa 1758. Vitabu vyake vya muziki vilimwendea Farinelli, mwimbaji maarufu aliyekuwa akitumikia jumba lile, naye akavichukua mpaka Bologna. Siku hizi vitabu 15 vyenye sonata 496 vimo katika Maktaba ya Marciana mjini Venice, na vitabu vingine 15 vyenye sonata 463 vimo katika Maktaba ya Palatina mjini Parma. Mikusanyo hiyo miwili ndiyo msingi wa karibu kila chapa na kila santuri.

Ipo habari moja ya zamani ambayo haifai kuachwa. Mwandishi Mwingereza Charles Burney, aliyesafiri Ulaya akikusanya habari za muziki, alielezwa huko Vienna mwaka wa 1772 na daktari aliyemjua Scarlatti kwamba katika sonata zake mna sehemu nyingi alimoiga nyimbo za wachukuzi, waendesha nyumbu na watu wa kawaida. Naam, msikilizaji hahitaji kuambiwa mara mbili. Mkono wa kushoto mara kwa mara huyapiga mafungu ya sauti kwa ukali, zikiwamo sauti zinazogongana, mithili ya mtu anayezikwaruza nyuzi zote za gitaa kwa mara moja. Muziki ulioandikwa kwa ajili ya chumba cha malkia ulibeba ndani yake sauti ya njiani.

Mhariri wa kwanza kuzichapa sonata hizi karibu zote alikuwa Mwitalia Alessandro Longo, kuanzia mwaka wa 1906. Kazi yake ilikuwa kubwa na yenye manufaa, lakini ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, aliyaona mafungu yale makali kuwa makosa ya wanakili, na mahali pengi akayalainisha. Pili, aliupangua utaratibu wa vitabu vya mkono, akazikusanya sonata upya kwa makundi aliyoyabuni mwenyewe. Hivyo ile sauti ya njiani ilipunguzwa hata kabla ya kuifikia santuri.

Ala yenyewe

Ala inayohusika ni hapsikodi. Kwa umbo la nje hufanana na piano, lakini kwa utendaji yakaribiana zaidi na kanuni, ile ala ya taarabu ambayo mpigaji wake huzidonoa nyuzi kwa vipande vilivyofungwa vidoleni. Katika hapsikodi mpigaji hazigusi nyuzi. Akibonyeza kibao, upande wa pili wa kibao huinua kijiti chembamba. Katika kijiti kile pametiwa ncha ya unyoya, mara nyingi wa kunguru, na ncha hiyo huudonoa uzi inapopita. Kibao kikiachwa, kijiti hurudi chini na kipande cha kitambaa huunyamazisha uzi.

Kutokana na utaratibu huo yatokea mambo mawili. La kwanza ni kwamba kubonyeza kwa nguvu au kwa upole hakubadili sana ukubwa wa mlio, kwa kuwa unyoya huudonoa uzi kwa namna ile ile. Maana yote ya mpigaji yatoka katika wakati: auache uzi lini, aichelewesha sauti kiasi gani, aziunganishe sauti au azitenge. La pili ni kwamba mlio wenyewe si mkubwa. Ni mlio wa chumbani, wenye mwanzo mkali na mwisho wa haraka.

Kiswahili kimelitumia neno kinanda kwa ala ya nyuzi ya pwani, kisha kikaliongeza kwa piano na organi, na hata kwa gramafoni. Vile vile neno santuri lafanana sana na jina la ala ya nyuzi ijulikanayo Uajemi na Iraki. Kwa hiyo katika msamiati wa Kiswahili chombo kinachopigwa na chombo kinachohifadhi mapigo vimekaribiana mno. Kwa historia inayoelezwa hapa ukaribu huo wahitaji kutenganishwa: ala ni kitu kimoja na sahani ni kitu kingine.

Hapsikodi iliachwa karibu kabisa mwishoni mwa karne ya 18, piano ilipoenea. Katika jumba la Maria Bárbara lenyewe zilikuwako piano zilizotengenezwa Florence, na orodha ya mali yake yaonyesha kwamba baadhi ya piano hizo zilikuwa zimegeuzwa kuwa hapsikodi. Yaani wakati ule mtungaji na malkia wake walizijua ala zote mbili, na mafundi walizigeuza kwa mujibu wa haja. Ilipofufuliwa mwanzoni mwa karne ya 20, hapsikodi ilifufuliwa na watu waliokulia katika piano. Hapsikodi ambayo kampuni ya Pleyel ya Paris ilimtengenezea Wanda Landowska, na ambayo ilitokea hadharani mwaka wa 1912, ilikuwa nzito, yenye kanyagio za miguu za kubadilishia milio, na yenye safu ya nyuzi za sauti nzito sana iliyokuwa nadra katika ala za zamani. Hiyo ndiyo ala iliyosikika katika santuri za Scarlatti zilizosambaa kwanza kwa wingi.

Sahani ya dakika nne

Kabla ya mwaka wa 1925 sauti zilichukuliwa kwa pembe kubwa ya bati, bila umeme. Pembe ile iliipenda sauti ya mwimbaji mwenye kifua na ilizidharau ala za upole. Maikrofoni ilipoanza kutumika mwaka huo, mlio mdogo wa uzi uliodonolewa uliweza kuandikwa katika nta ukiwa na mwanzo wake na mwisho wake. Hata hivyo sahani iliendelea kuzunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani kubwa ulichukua dakika nne na kitu tu.

Kampuni ya His Master's Voice ya Uingereza ilikuwa imeanza, mwaka wa 1931, mpango wa kuuza santuri kwa watu waliojiandikisha mapema, ili muziki usio na soko kubwa uweze kugharimiwa. Kwa mpango huo Landowska alizipiga sonata za Scarlatti mwaka wa 1934, na nyingine mnamo 1939 na 1940. Alizaliwa Warsaw mwaka wa 1879 katika jamaa yenye asili ya Kiyahudi, na tangu mwaka wa 1925 alikuwa na shule yake ya muziki wa kale huko Saint-Leu-la-Forêt, karibu na Paris.

Sonata ya Scarlatti na sahani ile zilifaana ajabu. Sonata ina nusu mbili, na kila nusu yatakiwa irudiwe. Ikipigwa bila marudio, sonata nyingi zatosha upande mmoja, hata pengine mbili. Basi marudio yaliachwa mara nyingi, kwa sababu ya kipimo cha sahani. Msikilizaji wa miaka ile aliupata muziki uliofika na kuondoka kwa haraka, ukikatwa na kimya cha kugeuza sahani. Kutokana na hali hiyo, sifa ya Scarlatti kuwa mtungaji wa vipande vifupi vya kung'aa ilipata nguvu. Lakini marudio si kusema neno lile lile mara mbili. Katika mara ya pili mpigaji hupata nafasi ya kupamba, kubadili mwendo, au kuliweka wazi jambo lililopita upesi.

Jambo hili halikuyapata mapajani mwa Ulaya peke yake. Kampuni hiyo hiyo ilizichukua sauti za Siti binti Saad na wenzake wa Unguja huko Bombay mwaka wa 1928, kwa sahani za mwendo ule ule. Nyimbo za taarabu, ambazo barazani huendelea kwa kadiri ya furaha ya wasikilizaji, zilibidi zitoshe dakika chache za upande wa sahani. Anayezisoma beti za nyimbo hizo kwa kusikiliza santuri ana shida ile ile aliyo nayo anayeisoma sonata: hana budi kuuliza ni kitu gani kilichoachwa nje.

Mizinga katika sonata

Miongoni mwa santuri ambazo Landowska alizitengeneza Paris mapema mwaka wa 1940 imo sonata moja ambayo ndani yake, nyuma ya mlio wa hapsikodi, yasikika mizinga ya kuzuia ndege za vita. Mpigaji hakusimama. Mwendo haukuharakishwa wala haukuvunjika, na sahani haikutupwa. Sauti ile imebaki katika kila chapa ya baadaye ya santuri hiyo.

Kwa mwenye kutafuta sonata safi, hiyo ni kasoro. Kwa mwanahistoria ni ushahidi usiopatikana katika kitabu chochote cha mkono. Vitabu vya Venice haviwezi kumwambia msomaji ni kelele gani iliyokuwa nje ya dirisha siku zilipopigwa sonata mbele ya malkia. Sahani hii yaeleza hasa: mahali, majira, na hatari. Tarehe 14 Juni 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Paris. Landowska alikuwa amekwisha kukimbia kuelekea kusini, akiiacha nyumba ya Saint-Leu. Mwaka huo huo maofisa wa Kijerumani waliiteka maktaba yake na mkusanyo wake wa ala, wakavichukua. Yeye alifika New York tarehe 7 Desemba 1941, siku iliposhambuliwa Pearl Harbor, akaishi Marekani mpaka kufa kwake mwaka wa 1959.

Basi mtu aliyefanya zaidi kuliko wengine kuirudisha hapsikodi masikioni mwa watu alinyang'anywa ala na vitabu, na sahani zikabaki. Ni kweli kwamba wapigaji wa baadaye waliikosoa ala yake ya Pleyel, kwa kuwa haikufanana na ala alizozijua Scarlatti. Na ukosoaji huo ulikuwa wa haki. Lakini haifuati kwamba santuri zake hazina thamani. Hizo ni nakala ya mwaka wa 1940, nazo zapaswa kusomwa kama nakala ya mwaka wa 1940.

Kirkpatrick na santuri ya mwendo mrefu

Mmoja wa waliosoma kwa Landowska alikuwa Mmarekani Ralph Kirkpatrick, aliyezaliwa mwaka wa 1911. Alifanya utafiti wa miaka mingi juu ya Scarlatti, akazipitia maktaba za Italia na Hispania. Alipokuwa Madrid mwaka wa 1947 alilitafuta jina la Scarlatti katika kitabu cha simu cha mji, akawapata kwa njia hiyo wazao wa mtungaji pamoja na hati za ukoo. Matokeo ya kazi yote yalichapishwa mwaka wa 1953 katika kitabu kilichoziorodhesha sonata upya kwa kufuata utaratibu wa vyanzo vya kale. Namba zake ndizo zitumikazo hata leo, ingawa santuri za zamani zataja namba za Longo.

Kirkpatrick alidai jambo lililobadili usikilizaji: kwamba katika vitabu vya mkono sonata nyingi zimepangwa mbili mbili, zenye ufunguo mmoja wa sauti, na kwamba kila jozi yafaa isikiwe pamoja. Madai haya yalitokea katika wakati unaofaa. Mwaka wa 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilikuwa imetoa santuri ya mwendo mrefu, inayozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, ambayo upande wake mmoja wachukua dakika zaidi ya 20. Katika miaka ya 1950 Kirkpatrick alipiga sonata 60 kwa kampuni hiyo. Sasa jozi iliweza kusikika bila ya sahani kugeuzwa katikati. Sonata ya polepole iliandaa njia ya sonata ya haraka, na mtungaji aliyedhaniwa kuwa bingwa wa vipande akaonekana kuwa mtu wa mawazo marefu.

Yaweza kuulizwa kama jozi zilitoka katika vitabu au katika sahani. Jibu la haki ni kwamba jozi zimo vitabuni, ila haijathibitika kama ni mpango wa mtungaji au wa mnakili. Vivyo hivyo kuhusu tarehe. Kirkpatrick aliamini kwamba utaratibu wa vitabu wafuata kwa karibu utaratibu wa utungaji, hivyo sonata nyingi ziwe kazi za uzee. Wataalamu waliomfuata, akiwamo Joel Sheveloff katika utafiti wake wa mwaka wa 1970, walitia shaka, kwa kuwa tarehe ya kunakili si tarehe ya kutunga. Hoja hii haitawashangaza wanaoshughulika na tenzi zilizohifadhiwa kwa hati za Kiarabu.

Wakati huo huo mafundi waliirudia ala ya kale. Frank Hubbard na William Dowd walifungua karakana yao Boston mwaka wa 1949, wakajenga hapsikodi kwa kuzipima zile zilizosalia za karne ya 17 na 18: ubao mwepesi, nyuzi zisizokazwa mno, bila chuma kizito. Kitabu cha Hubbard juu ya ufundi huo kilitoka mwaka wa 1965. Santuri zilizofuata zilibeba mlio mwingine kabisa, wenye ukali mdogo na uwazi mkubwa zaidi.

Zote 555

Mwaka wa 1985 ulikuwa wa 300 tangu kuzaliwa Scarlatti. Kwa ajili ya sherehe hiyo Redio ya Ufaransa ilimpa Scott Ross kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameimaliza kabla yake, yaani kuzipiga zote 555. Ross alizaliwa Pittsburgh mwaka wa 1951, akahamia Ufaransa akiwa kijana, na mwaka wa 1971 alipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya Bruges. Alianza mwezi wa Juni 1984 akamaliza mwezi wa Septemba 1985, sehemu kubwa ya kazi ikifanyika katika jumba la Assas, karibu na Montpellier, penye hapsikodi ya karne ya 18. Kampuni ya Erato ilizitoa katika sahani 34 za CD, muziki wa zaidi ya saa 30. Ross alifariki Assas mwezi wa Juni 1989 kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI, akiwa na umri wa miaka 38.

Hapa kipimo cha nafasi kilikuwa karibu kimekwisha. Hapakuwa na haja ya kuchagua sonata, wala kuacha marudio kwa sababu ya sahani. Lakini ukamilifu nao una tabia yake. Mkusanyo wa zote huziweka sonata sawasawa, iliyo kuu na iliyo ya mazoezi, na humtia msikilizaji tamaa ya kuzimaliza kwa mfululizo, jambo ambalo huenda halikufanywa na mtu yeyote katika jumba la Madrid. Zaidi ya hayo, chombo cha nyumbani huweza kuukuza mlio mpaka hapsikodi ishindane na bendi. Anayetaka kuisikia kwa kadiri yake hana budi kupunguza sauti mpaka izidi kidogo tu sauti ya mtu anayezungumza chumbani. Hapo ndipo ukali wa yale mafungu ya gitaa huonekana ulivyo, kwa sababu hulinganishwa na upole unaoyazunguka.

Kutokana na historia hii lapatikana fundisho kwa kila anayehifadhi sauti, iwe ya kinanda, ya wimbo au ya msimulizi. Maelezo ya sahani au ya tepu yasiishie kwenye jina la utungo na la mpigaji. Yataje mahali na tarehe, ala iliyotumika na umri wake, chombo kilichochukua sauti, muda uliokuwapo, na kile kilichoachwa kwa ajili ya muda huo. Farinelli alivihifadhi vitabu, lakini hakuna aliyeandika habari za jinsi malkia alivyozipiga sonata zake. Hasara hiyo hairekebishiki. Sahani ya mwaka wa 1940 ingali yasikika pamoja na mizinga yake, na aijuaye tarehe yake huelewa anachosikia.